Viatu Mlangoni

Modesta alikuwa anatoka kanisani, Biblia kwapani, alipoviona vile viatu mlangoni kwa baba yake, mtaani Mpendae. Vimelika visigino. Ni vya mdogo wake, aliyepotea miaka tisa, hata mama yao akazikwa bila yeye.

Ndani pilau lilinukia, na kicheko cha mdogo wake kilikuwa kile kile.

Baba akamtokea. Mzee wa watu, miguu mitupu juu ya saruji ya moto ya saa saba mchana, akawa anainua unyayo huu, anashusha ule.

"Ingia, mwanangu. Ndugu yako karudi."

"Nshakula, baba."

Tumbo lilikuwa tupu tangu alfajiri.

"Basi ntasimama na wewe hapa hapa."

Kisa cha mwana mpotevu Modesta huwafundisha watoto wa kanisani kila mwaka, na siku zote alijiona ni yule aliyerudi. Leo yuko nje, kama yule kaka mkubwa aliyesusa karamu.

"Mwalimu, mwisho aliingia?" watoto humuuliza.

Naye huwajibu kuwa Biblia haisemi.

Unyayo wa baba ukainuka tena.

Modesta akainama, akaanza kufungua kifungo cha kiatu chake.