Landrova za Ukutani

Landrova iliposimama mlangoni, Stambuli peke yake ndiye aliyetoka mbio kuipokea. Majirani walikwishatokomea migombani, maana habari za watu kuhamishiwa vijiji vipya zilikuwa zimepanda mlimani zamani. Naye alizisikia. Lakini Landrova ni Landrova.

Dereva hakuzima injini.

"Karibu, ndugu, njoo uone!" Stambuli akamwingiza ndani ofisa aliyeshuka.

Ukuta mzima wa udongo ulijaa Landrova: za kalenda, za magazeti, za matangazo aliyoyaomba kwenye gereji za Morogoro kwa miaka kumi na miwili. Zote alizibandika kwa uji wa muhogo. Moja ilikuwa ikivuka mto, na maji yake bado yaling'aa.

Ofisa alizitazama taratibu, mikono nyuma. Alipofika kwenye ile ya mtoni, akaikwaruza pembeni kwa ukucha.

"Hazibanduki?"

"Hazibanduki, ndugu. Labda uvunje ukuta."

Ofisa akatoa chaki, akachora alama kubwa ya X, kuanzia kalenda ya juu mpaka kwenye yale maji.

"Basi mwite mkeo, mchukue na sufuria," akasema. "Leo utaipanda yenyewe."