Mkono wa Mpagazi

Mzee Elinami alifika juu ya kilima akiwa amemwacha binti yake mbali nyuma. Alikuwa ameshaokota mawe matatu ya mafiga alipokumbuka kwamba leo hakuna mgeni wa kumchemshia chai.

“Baba, umekimbia tena,” alisema Aikande alipomfikia. Yeye alikuwa kiongozi wa wapanda mlima, na baada ya wiki mbili angempandisha baba yake hadi kilele cha mlima; hapa kilimani walikuwa wakifanya mazoezi tu. “Kule juu mwenye haraka hushushwa kwa machela. Turudi chini, tuanze upya. Kaa nyuma yangu.”

Miaka ishirini na sita mzee alikuwa mpagazi. Aliwatangulia wageni, akapiga mahema yao, akaishia kambi ya mwisho. Mlima aliujua kwa mawe yake tu, maana mwenye mzigo kichwani hutazama anapokanyaga.

Safari hii begi alilibeba Aikande. Mzee aliliomba mara mbili, akanyimwa.

Katikati ya kilima alisimama, akainua shingo taratibu kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Kilele cha mlima kilikuwa pale, cheupe, kikubwa kuliko alivyodhani.

“Baba,” Aikande alisema kwa sauti ya chini, “mkono.”

Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa juu, umeshika mzigo usiokuwepo.

Huko chini, kwenye shamba la maharage, mwanamke aliyekuwa akipalilia alidhani anapungiwa. Akaweka jembe chini, naye akapunga.

Taratibu, mzee akafungua vidole.