Gari la Mheshimiwa

Fundi alikuwa amelala chali chini ya gari, oili chafu ikimdondokea shingoni, akiita kwa mara ya tatu.

"We bwana, nisogezee hilo beseni."

Mwenye gari alikuwa hatua tano tu kutoka pale, amempa mgongo, akiyatazama matairi mapya kana kwamba ndiyo yaliyomwita. Hakugeuka. Beseni lilikuwa kisiginoni kwake.

Fundi akatambaa, akalichukua mwenyewe, akamkata jicho. Jina la Mheshimiwa alikuwa amempachika tangu siku ya kwanza. Siku hiyo mtu huyu aliingia gereji bila hujambo wala habari za kazi, akaweka karatasi juu ya boneti, akasimama pembeni mikono nyuma. Karatasi ilisema nozeli zisafishwe, pampu ya dizeli ipimwe, springi ziongezwe jani ili gari linyanyuke, na matairi yawe makubwa. Jumatatu alikuwa anaanza mkataba wa kupeleka nguzo za umeme vilimani, na asipofika kazi ingepewa mwingine. Maneno ya mwisho yalipigiwa mstari: Ndani usiguse chochote.

"Ananiandikia barua kama ananifukuza kazi," fundi alimwambia mkewe, aliyekuwa akiuza vipuri kwenye kidirisha kando ya gereji.

"Lakini mwandiko wake mzuri. Wako wewe hata mimi siusomi."

"Huo ni mwandiko wa kiburi."

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la dizeli, magurudumu yote manne yanavuta, na lilikuwa limepanda vilima ambavyo malori mapya yaliviangalia kwa mbali tu. Injini, fundi alikiri moyoni, ilikuwa imetunzwa kama mtoto wa kwanza. Ila alipochungulia anapokaa dereva, alicheka mpaka akakohoa. Vioo vya kutazamia nyuma vilikuwa vitano. Sakafu ilikuwa bati tupu, zulia limeng'olewa lote. Na fimbo ya chuma, nene kama kidole gumba, ilitoka kwenye giaboksi, ikapenya sakafu, ikachomelewa kwenye fremu ya kiti. Fundi akakaa, akawasha. Alitikiswa mpaka meno yakagongana.

"Nani kamfanyia ushenzi huu?" alimwuliza mkewe aliposhuka. "Huyo si fundi, ni mchinjaji. Vioo vingi kuliko saluni. Na kile kiti, unakaa unapepetwa kama mchele."

"Labda ana sababu zake. Si umuulize."

"Nimuulize nini, mtu ambaye hata salamu haitaki? Nimemwamkia jana, nimemwamkia leo. Ananikenulia tu meno, kama mtu aliyeona mbwa wa jirani."

Hilo ndilo lililomuuma. Kwa miaka ishirini na sita watu walitoka mbali kumletea magari yao, na kila mmoja aliondoka na neno. Ahsante, fundi. Fundi, mkono wako una dawa. Huyu hakuwa na hata moja. Fundi aliapa kulitoa kinywani mwake kwa nguvu ya kazi. Angemtengenezea gari ambalo hata mwenye kiburi cha namna ile asingeweza kuondoka nalo amefunga mdomo.

Basi Ijumaa, mwenyewe akiwa hayupo, alichukua grinda akaikata ile fimbo juu na chini, akaitupa kwenye pipa la vyuma. Akabadilisha raba zote zinazoshikilia injini na giaboksi. Sakafuni akatandika sponji nene, na juu yake zulia. Akafunga kiti kipya chenye mto. Vioo vitatu akaving'oa. Mkewe alikuja akasimama karibu, mikono kiunoni.

"Mwenyewe kasema usiguse."

"Mwenyewe hajui gari ni kitu gani. Mtu anaendesha miguu mitupu, anavua viatu kama anapanda kitandani. Niachie mimi. Huyu kesho atanishukuru mpaka umwonee huruma."

Jumamosi Mheshimiwa alikuja na binti yake, mwanamke mzima aliyebeba mkoba wa kazini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe nyumba yenu ina mtu mwenye adabu."

Binti alitabasamu, akataka kusema jambo, lakini fundi alikuwa amekwisha kumshika mkono baba mtu na kumvuta kuelekea garini.

"Panda, Mheshimiwa. Leo utanisemesha."

Mheshimiwa akavua viatu, akapanda, akafunga mlango. Alilitazama zulia, akavitafuta vioo kwa macho, uso ukamkunjamana. Kisha akazungusha ufunguo.

Injini ilidaka mara ile ile. Nje gereji nzima ilijaa mngurumo, mke wa fundi kule kidirishani akaziba sikio moja huku akihudumia mteja. Lakini ndani ya gari, hata maji yaliyojaa glasi yasingemwagika. Fundi alikunja mikono kifuani, akasubiri neno lake.

 Mheshimiwa akakanyaga zulia kwa nyayo zote mbili, akakandamiza mgongo kwenye kiti kipya, akatulia kama mtu anayengoja mgeni. Halafu akazungusha ufunguo tena, na stata ikalia kwa kusagika juu ya injini inayowaka.

"We, unaliua gari," fundi alifoka, akigonga boneti kwa kiganja. "Acha ufunguo."

Mheshimiwa akauzungusha tena. Kisha akamgeukia binti yake dirishani, na vidole vyake vikaanza kwenda mbio mbele ya kifua, vikikunjuka na kukunjana.

Binti alimtazama mpaka alipomaliza. Akamgeukia fundi, na ilibidi apaze sauti ili asikike juu ya ule mngurumo.

"Baba anauliza, mbona haliwaki?"