Uyoga wa Nangila

Nangila alikivunja kitunguu, akakisugua kati ya vidole, akanusa. Hakikunuka. Akachukua kingine. Nacho kilinuka majani tu.

Akaketi sakafuni pale jikoni.

Nje, waombolezaji walikuwa wamejaa uani, hapo kijijini Kisian. Tangu mumewe Wakoli afariki, wote walisema neno moja: uyoga. Nangila ndiye aliyeuchuma kwenye kichuguu, ndiye aliyeupika. "Mlikula pamoja," shemeji yake Fabian alimwambia mbele ya watu. "Mbona wewe uko hai?"

Uyoga hauna la kukuambia. Mzuri na mbaya huweza kufanana kama mapacha, na yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini kwamba jicho lake lilikosea.

Lakini kitunguu cha porini hujitangaza kwa harufu. Kisichonuka si kitunguu, huenda ni sumu. Na hivi alivila Wakoli peke yake, vibichi, kando ya ugali. Alikuja navyo jioni ile vimefungwa kwenye gazeti, akavikata mwenyewe, asiseme amevitoa wapi. Nangila hakuvigusa, hapendi kitunguu kibichi.

Basi hakuwa yeye. Alilia hapo sakafuni, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akavifumbata vilivyobaki, akatoka kuwaonyesha.

Mlangoni alikutana na mama mkwe, Nabalayo, macho yamevimba.

"Nangila mwanangu, mimi sina hasira na wewe," mama alisema taratibu. "Siku ile nilipanda kilimani, nikamchimbia vitunguu vya porini, vile alivyopenda akiwa mdogo. Tangu nipate ile homa pua yangu hainusi kitu, lakini macho bado yanaona. Nilimpa aje navyo. Alivila?"

Nangila alivibana vile vitunguu kiganjani.

"Alivila, Mama. Vyote."

"Basi angalau amekwenda akiwa ameonja kitu cha mkono wangu. Hicho ndicho kinachonilaza usingizi."

Fabian alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. "Ulikuwa unakuja kutuambia nini?" aliuliza. Uani watu wakageuka kumtazama.

Nangila aliificha ngumi ndani ya leso yake, akaikaza.

"Ni uyoga," alisema. "Niliuchagua vibaya."