Rangi ya Kucha

Katika karakana ya magitaa, Makame aliliweka chini gitaa lake kuukuu la miguu minne, lile la kulazwa kama meza, akaupiga uzi, akakanyaga pedali ya kuuvuta, akaachia. Sauti ya uzi ilipanda vizuri, lakini haikurudi ilipokuwa.

"Springi ya kuurudisha imechoka," alisema fundi Hemedi, akamsogezea kopo la maziwa lililojaa springi. "Chagua humu. Zote mpya."

Makame alizivuta moja moja. Ya kwanza ilikuwa ngumu mno, ya pili imelegea. Mpya gani hizi zenye grisi? Ya tatu ilivutika sawasawa. Alipoifuta kwa leso, chini ya grisi ikatokea rangi ya kucha, nyekundu.

Sudi, mwenzake wa bendi, mwenye gitaa kama hili, ndiye pekee aliyezipaka springi zake rangi ya kucha ya mkewe ili asizichanganye. Gitaa la Sudi lilipoibwa, Hemedi alikuwa wa kwanza kwenda kumpa pole.

"Hii uliitoa wapi, fundi?"

"Dukani, ndugu yangu. Wapi tena?"

Hemedi aliichukua, akaifunga kwenye gitaa upesi bila kumtazama.

"Haya, jaribu."

Makame akaupiga uzi, akakanyaga. Uzi ukalia juu.

"Achia basi, tusikie kama inarudi."

Makame hakuinua mguu. Alikuwa akimtazama Hemedi machoni, na uzi bado unalia.