Sayari Inayonuka

Mwalimu Dastan alikuwa amekining'iniza kichwa cha sangara kilichooza mbele ya pua ya mtoto wa watu, na mtoto anavuta pumzi kwa nguvu kana kwamba ananusishwa waridi.

Hafidha alisimama mlangoni, akavuta ushungi akaziba pua. Ilikuwa siku yake ya kwanza kuwa mwalimu mkuu msaidizi katika shule hii ya msingi ya Kamachumu. Alitoka Bukoba mjini alfajiri, akakuta mwalimu mkuu ameitwa kikaoni Muleba, akaamua kuzungukia madarasa peke yake. Uvundo ndio uliomleta hadi chumba hiki cha mwisho, nyuma ya jiko la shule.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Katikati ya sakafu liliwaka jiko la mkaa, na wanafunzi wamelizunguka kwa viti vyao, jasho likiwatiririka. Dastan alikuwa amekifunga kile kichwa kwa kamba kwenye ncha ya mti. Macho ya samaki yalikwisha kuyeyuka, na funza walikuwa wanachungulia kwenye matamvua.

"Jua ni lipi?" Dastan aliuliza.

"Jiko!"

"Na nyinyi?"

"Sisi ni njia ya Neptuni!"

"Na huyu anayenuka?"

"Pluto!" Wakaangua kicheko.

Dastan alitembea taratibu akiupitisha uozo ule nyuma ya migongo yao, kando ya ukuta kabisa. "Sayari kibete hii haizunguki jua kwa duara kama ungo. Njia yake imerefuka kama yai. Mwaka wake mmoja ni zaidi ya miaka mia mbili ya kwetu, na sehemu kubwa iko kule mbali, kwenye baridi. Sasa iko wapi?"

"Nyuma yetu, mbali!"

Akauinua mti, akakivusha kichwa juu yao hadi ndani ya duara. Tone la maji ya kijani likamdondokea binti mmoja begani.

"Mae!" binti alipiga kelele. "Imeingia ndani! Iko karibu na jua kuliko sisi!"

"Mbona haikutugonga, Renatha?"

"Imepita juu!"

Renatha akalipangusa tone kwa kidole, akakinusa.

Hapo ndipo Hafidha alipoziona fimbo kwenye kona: ndefu, nyembamba, nyingi kama za wachunga ng'ombe. Kumbe na kuwachapa anawachapa! Watoto wengine walikuwa wamefumba macho, wengine wameyakodoa darini. Maskini, wamezoea mateso.

"Huu ni uchafu gani?" alifoka.

Kicheko kilikatika. Hakuna shingo hata moja iliyogeuka. Hata adabu ya kumwamkia mgeni hawakufundishwa.

"Karibu, Madam," Dastan alisema. "Mimi ni Dastan, najitolea hapa kwa ajili ya watoto hawa—"

"Unajitolea kuwanusisha mzoga? Mimi ndiye mwalimu mkuu msaidizi mpya, na leo ndiyo mwisho wa kujitolea kwako."

"Waitu, tafadhali Madam, nisikilize—"

"Sisikilizi mtu anayenuka hivyo! Katupe huo uozo, unawe, uende kwenu!"

Dastan aliwatazama wanafunzi wake. Akatoka, nzi wakimfuata.

Hafidha alifungua madirisha, akasimama penye upepo. Ubao ulikuwa mweusi tii, kana kwamba haujaguswa na chaki tangu upakwe rangi. Akazidi kuchukia: mvivu, mchafu, na bado anaitwa mwalimu. Akatoa chaki kwenye mkoba wake. Akachora jua, akachora duara la Neptuni, kisha ile njia ndefu ya Pluto, safi, kwa mkono wa mtu aliyesomea kazi yake.

"Haya, wanangu," alisema, sauti imelainika. "Mambo si haya? Hii Neptuni, hii Pluto, na hapa ndipo njia zao zinapopishana. Nani atanieleza?"

Renatha akainuka. Alikuja polepole, mikono mbele, hadi vidole vyake vikagusa ubao. Akaupapasa kwa viganja vyote viwili kutoka ukingo hadi ukingo. Akalifuta jua, akaifuta Neptuni, viganja vikawa vyeupe pee.

"Mwalimu," aliuliza, uso ameuelekeza kwenye ukuta mtupu, "Pluto umeiweka wapi?"