Zamu ya Zawena Kushika Rimoti

Haya aliniambia mjukuu wangu Zawena, Jumapili asubuhi, nikimsuka nywele.

Siku hizi ukiwasha mchezo uliorekodiwa, runinga humsoma moyo aliyeshika rimoti, na wachezaji huja na sura za watu wake: ampendaye sana, amwogopaye sana. Watu wameshazoea, wanacheka tu.

Juzi ilikuwa zamu ya Zawena. Wakaweka baleti, ile ngoma ya kusimama kwa ncha za vidole, ya binti mfalme aliyelogwa alale miaka mia. Mwanangu Mwanahija, mama yake, akamtania, "Haya, leo tumwone mwalimu wako wa hesabu anavyoroga!"

Mchawi akaingia akizunguka kwa mguu mmoja, mwiko mkononi. Alikuwa Mwanahija mwenyewe, na kanga yake ya jikoni kiunoni.

Bakuli la bisi likamponyoka Mwanahija pale kitini. "Mimi? Mimi nimekupiga lini, mwanangu?"

"Hunipigi, mama. Unaushika tu mwiko, halafu unanyamaza."

Mwanahija akazima runinga. Akampeleka mtoto kitandani, akajilaza naye, akamkumbatia huku machozi yakimtoka.

Niliposikia hayo nikauachia msuko, ukafumuka. Nikamuuliza, "Basi ukalala vizuri, mama alipokukumbatia?"

"Nilifumba macho tu, bibi. Nikamsikiliza mama mpaka akaanza kukoroma. Ndipo na mimi nikalala."